Chevrolet Impala ya 1965 hadi 1970 Lubumbashi: vipimo vyake, thamani yake, na mahali inapoumwa

Kati ya magari makubwa ya Kimarekani ya zamani, Impala ya kizazi cha nne, iliyotengenezwa kuanzia 1965 mpaka 1970, ndiyo tunayompendekezea mtu wa Lubumbashi anayetaka gari la kutembelea kweli: kwenda harusi mtaani Golf, kupanda Kasapa Jumapili, kufika Likasi na kurudi. Sharti ni moja tu. Lipime kuanzia shasi na bodi, injini uiache mwisho. Wauzaji wanapenda kinyume chake. Wanafungua kapo, wanapiga staa, V8 inanguruma, "Papa, motere iko muzuri, sikia weye mwenyewe," na mnunuzi anaanza kuhesabu pesa. Kwenye gari hili injini ndiyo kitu chepesi kuliko vyote kupata na kutengeneza. Kioo cha mbele, mapambo ya ubavuni na chuma cha shasi kinachopita juu ya ekseli ya nyuma ndivyo vitakavyokumaliza.

Gari hili halikuwa la mabwana wachache. Mwaka 1965 peke yake Chevrolet iliuza Impala zaidi ya milioni moja, na kupe ya V8 bila nyongeza ilianzia chini ya dola 3,000. Ndiyo maana piesi zake bado zinatengenezwa mpaka leo, wakati magari mengine ya rika lake, hata yaliyokuwa ghali zaidi, yanakosa hata mpira wa mlango.

Sasa ukubwa, maana watu wengi hawaupimi mpaka gari limefika getini. Kutoka ekseli hadi ekseli ni milimita 3,023. Urefu wote ni karibu mita 5.41, na upana unapita mita 2 kidogo. Toyota Ist inayokupita kila dakika barabarani ina mita 3.86, kwa hiyo Impala inaizidi kwa zaidi ya mita moja na nusu. Chukua futi kamba, pima geti la parseli yako na nafasi ya kugeuza ndani kabla ya kupima kitu kingine chochote. Mkia wake mrefu unagusa kwenye dodani (matuta ya barabarani), hasa zile fupi na kali zinazomwagwa na wakaaji wenyewe mbele ya shule. Zipande kwa mshazari, mwendo wa mtu anayetembea, na usiweke watu watatu wazito nyuma pamoja na buti iliyojaa.

Kuhusu mwaka, 1965 ndio mpaka. Impala za 1958 hadi 1964 zina shasi yenye umbo la X, isiyo na boriti ubavuni. Kuanzia 1965 shasi inazunguka pembeni mwa sakafu, na magurudumu yote manne yanakalia springi za mviringo. Hiyo ndiyo inayolipa gari hili ulaini wake, na kwenye lami iliyochoka ya Kamalondo utauhisi. Ndani ya kizazi chenyewe, bodi zinaenda mbilimbili: 1965 na 1966, 1967 na 1968, 1969 na 1970. Ukinunua kipande cha bodi cha jozi nyingine umetupa pesa. Kwa macho, 1965 inajulikana kwa taa sita za duara nyuma, tatu kila upande. 1968 taa zimeingia ndani ya bampa na zina umbo la kiatu cha farasi. 1970 ni mistari mitatu iliyosimama kila upande, nayo ndani ya bampa. Sisi tukichagua, tunachukua 1967. Ndio mwaka wa kwanza kuja na breki za njia mbili na mhimili wa usukani unaojikunja wakati wa ajali, na bado ina wepesi wa umbo uliopotea baadaye.

Kusoma namba

Kabla ya kuzungumza bei, soma namba ya gari. Mpaka 1967 imepigiliwa kwa ribiti kwenye nguzo ya bawaba za mlango wa dereva. Kuanzia 1968 iko juu ya dashibodi, unaisoma ukiwa nje kupitia kioo. Ina alama 13. Chukua mfano wa 164375S na tarakimu sita nyuma yake: 1 ni Chevrolet, 64 ni Impala ya V8, 37 ni kupe isiyo na nguzo ya kati, 5 ni mwaka 1965, S ni kiwanda cha St. Louis, zinazobaki ni za mfululizo. Ukikuta 163 mwanzoni, gari lilizaliwa na injini ya silinda sita, hata kama leo lina V8. Tarakimu za bodi ni hizi: 39 ni milango minne bila nguzo, 69 ni milango minne yenye nguzo, 67 ni ile ya paa la kukunja.

Hapa ndipo uongo mwingi wa SS (Super Sport, toleo la kispoti) unapoanguka. Kwa 1965, SS ya V8 huanza na 166. Kwa 1966 na 1967 huanza na 168, na 166 ikawa ya Caprice. Mtu akikuonyesha "SS" ya 1966 inayoanza na 164, amenunua herufi mbili na kuzibandika. Kuanzia 1968 SS iligeuka kuwa oda ya nyongeza, namba haiionyeshi tena. Usiilipie bila karatasi za kiwandani.

Kuna kibao kingine kidogo kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Kinataja aina ya bodi, rangi ya kwanza, rangi ya viti na juma la kujengwa: 05B ni juma la pili la mwezi wa tano. Namba ya injini yenyewe imegongwa kwenye uso bapa mbele ya kulasi (kichwa cha injini) ya kulia, kwa kawaida chini ya oili na vumbi. Ifute kwa kitambaa na esansi kidogo. Kuanzia 1968 inabeba pia mwisho wa namba ya gari, kwa hiyo unaweza kulinganisha. Na linganisha kila kitu na carte rose, kadi ya gari, herufi kwa herufi. Karani aliyeandika O mahali pa 0 miaka 30 iliyopita atakusumbua wewe leo.

Bodi na shasi

Lubumbashi haina chumvi ya bahari, na kiangazi chetu cha tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa kinakausha chuma vizuri. Gari lililokaa hapa maisha yake yote mara nyingi ni zima kuliko lililokaa Dar es Salaam. Adui wetu ni vumbi jekundu. Linaingia ndani ya shasi kupitia matundu yake, linatulia kwenye kona, mvua za mwezi wa kumi na moja zinaligeuza udongo, na udongo huo unakaa na unyevu miezi. Pinda ya shasi juu ya ekseli ya nyuma ndiyo inayooza kwanza kutoka ndani. Ukiwa chini ya gari, igonge kwa nyundo ndogo kuanzia mbele kwenda nyuma: chuma kizima kinalia kama kengele, kilichooza kinatoa sauti ya mkate. Kisha sukuma bisibisi kwenye kila raba inayobeba bodi juu ya shasi. Ikizama, milango haitafungika sawasawa tena hata fundi tolie abadilishe bawaba zote.

Baada ya hapo angalia chini ya kioo cha nyuma. Maji yanalala kwenye ukingo wake, yanaoza chuma, yanadondoka ndani ya buti. Nyanyua zulia la buti, tazama sakafu na mifuko miwili ya pembeni nyuma ya magurudumu. Paa lililovikwa ngozi ya vinaili lipapase kwa kiganja. Uvimbe mdogo kama upele maana yake chini yake ni kutu. Pitisha sumaku ndogo kwenye sehemu ya chini ya madigadi ya nyuma: isiposhika, umekuta mastiki, ile pati ya kuficha kutu. Mbele, gusa zulia la miguuni pa abiria. Likiwa na unyevu, mfereji wa hewa chini ya kioo cha mbele umetoboka, na kuutengeneza kunadai kufungua mengi.

Mapambo yanastahili dakika zako. Mistari mirefu ya ubavuni ni chuma cha pua. Iliyobonyea inanyooshwa kwa kinyundo cha mbao na kung'arishwa ikarudi. Nembo na fremu za taa ni za zinki iliyomiminwa kisha ikapakwa kromu. Hizo zikishaota vidoti kama ndui, hakuna wa kuzirudisha, ni kununua. Hesabu kila kipande kilichopotea kimoja kimoja na ukiandike. Vioo ni vilevile: kioo cha gari lisilo na nguzo hakiingii kwenye lenye nguzo, paa zake hazilingani. Impala ya milango minne isiyo na kioo cha mbele, hata ikiuzwa kwa bei ya chakavu, iache ilipo mpaka kioo kipatikane.

Injini, kwenye mita 1,200

Vitabu vya zamani vinataja nguvu nyingi. V8 ya inchi za ujazo 283, yaani lita 4.6, ya kabureta ya midomo miwili inaandikwa farasi 195. 327, yaani lita 5.4, inaandikwa 250 au 300 kwa mwaka 1965. Elewa farasi hao walipimwaje: injini iko juu ya meza, haina feni, haina ekzosi ya gari, na hewa ni ya usawa wa bahari. Kipimo cha gari lililokamilika kilianza kutumika Marekani mwaka 1972. Juu ya hayo, Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu 11 kati ya 100, na nguvu inapungua karibu hivyohivyo. Inatosha kabisa kwa gari la kutembelea. Anayetaka mbio achukue kitu kingine.

Hewa nyepesi inaleta jambo la pili, ambalo ndilo chanzo cha magari mengi ya namna hii kutoa moshi mweusi na kunuka esansi: kabureta iliyopimwa kwa bahari inanywesha kupita kiasi hapa. Bujii (plagi) zinakuja nyeusi, kavu, zenye masizi. Kwenye Rochester ya midomo miwili, punguza jeti kuu namba moja au mbili, zote mbili sawa, kisha tembea kilomita 20 na uzisome bujii upya. Unatafuta rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa. Ikiwa nyeupe umepunguza mno, rudi namba moja, maana kukausha injini kunaunguza valvu. Usitoboe jeti kwa waya wala kuziba kwa risasi kama wengine wanavyofanya. Jeti ni kitu cha bei ndogo na tundu lake ni kipimo.

Mawasho sasa. Watu wa kwetu huita kisambaza moto cha gari lolote "delko", na hapa jina limekutana na mwenyewe, kwa sababu hii ni Delco halisi. Ina kidirisha cha bati kwenye kifuniko, na hicho kidirisha ni zawadi. Platini, vile vidole viwili vinavyokata na kuunga umeme ndani yake, zikiwa mpya zinaanzia mwanya wa milimita 0.48, zilizotumika 0.40. Ila huhitaji kuupima ukiwa umepinda mgongo. Washa injini, iache ipate joto, inua kidirisha, ingiza ufunguo wa pembe sita wa inchi 1/8. Ule wa milimita 3 unacheza na utaharibu skrubu. Zungusha kufuata saa polepole mpaka injini ianze kukohoa, kisha rudisha nusu mzunguko. Ukiwa na mita ya pembe ya platini (dwell), soma: digrii 30, na kati ya 28 na 32 ni sawa. Ndipo uende kwenye wakati wa cheche, kamwe usitangulize, kwa sababu kubadili platini kunasogeza cheche. Chomoa bomba la vakyumu, lizibe, injini ikiwa taratibu, na 283 uiweke digrii 4 kabla pistoni haijafika kilele. Kwa mwinuko wetu unaweza kuongeza 2, hata 4, mradi ukipanda mlima ukiwa umekanyaga usisikie mlio wa mawe kwenye kopo. Ukiusikia, rudisha. 327 ya 1965 ina mgandamizo wa 10.5 kwa 1, ilitengenezwa kwa esansi kali ya wakati ule, kwa hiyo yenyewe usiiongezee. 283 ina 9.25 kwa 1 na inavumilia esansi ya kituo. Ndiyo sababu 283 inafaa hapa kuliko 327, hata kama wauzaji watakucheka.

Mpangilio wa cheche ni 1-8-4-3-6-5-7-2, rota inafuata saa, silinda za namba witiri ziko upande wa kushoto kuanzia mbele. Angalia 5 na 7: ni majirani, na zinafuatana. Waya zao zikilala pamoja kwa urefu, moto wa 5 unaruka kwenye 7 kabla ya wakati, injini inatetemeka bila sababu inayoonekana, na fundi anabadilisha kabureta bure. Zitenganishe, zipitishe moja juu na nyingine chini. Mwanya wa bujii ni milimita 0.9.

Kosa jingine tunalolikuta sana: bobini (koili ya kuwashia) inapokea umeme kupitia waya wa ukinzani uliofichwa kwenye mkusanyiko wa waya. Ukikatika, fundi umeme anavuta waya wa kawaida moja kwa moja. Gari linawaka vizuri kuliko mwanzo, juma moja au mawili, kisha platini zinaungua zikawa bluu. Pima volti kwenye bobini swichi ikiwa imewashwa, injini imezimwa na platini zimefungana. Ukiona 12 kamili zinafika, umepata mwizi wako.

Oili ni lita 4.7 pamoja na filta. Mpaka 1967 filta inakaa ndani ya kopo la chuma, na kopo linafungia kwenye pete ya mpira iliyoko ndani ya mfereji. Pete ya zamani inashikamana pale, nyeusi juu ya nyeusi, haionekani. Ukiweka mpya juu yake, oili yote inamwagika barabarani ndani ya dakika chache. Ichokoe kwa sindano, hesabu pete moja imetoka, ndipo uweke mpya. Tumia 15W-40 ya dizeli, kwa sababu kamshafti ya namna hii inasuguana moja kwa moja na vikombe vyake na inahitaji zinki. Oili nyembamba za magari mapya zina kidogo mno. Na ukifungua kulasi, boliti zake zinaingia mpaka kwenye maji. Zipake gundi ya nyuzi moja moja kabla ya kuzirudisha na ukaze kwa hatua tatu mpaka nyutoni-mita 88. Ukisahau gundi, maji yatapanda kwenye nyuzi na utalaumu jwa (gasketi) isiyo na kosa.

Esansi yetu haina risasi tangu zamani, na viti vya valvu vya ekzosi vya miaka hii havikukazwa kwa kazi hiyo. Ukitembea taratibu vitadumu. Siku kulasi ikifunguliwa kwa sababu nyingine, weka viti vigumu, usifungue kwa ajili ya hilo tu.

Joto la mwezi wa kumi

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, ndio mtihani. Maji yasiyo na mgandamizo yanachemka Lubumbashi kwenye digrii 96 hivi. Kifuniko cha rejeta cha psi 15, ambayo ni kama bari 1, kinasogeza mchemko karibu na 120. Kwa hiyo kifuniko chenye mpira uliokauka kinakuibia digrii zaidi ya 20, na watu wanaanza kutoa thermostati. Usiitoe. Weka ya digrii 82, badilisha kifuniko, hakikisha plastiki inayozunguka feni ipo. Bila hiyo feni inavuta hewa ya pembeni na kuiacha rejeta.

Gari likizimika kwenye foleni na kukataa kuwaka mpaka lipoe, esansi imechemka ndani ya kabureta. Kwenye mdomo wa ekzosi kuna kipepeo cha chuma kilichowekwa kwa ajili ya baridi ya Marekani, kinachosukuma moshi wa moto chini ya kabureta. Kikikwama kimefungwa, kinaipika kabureta siku nzima. Kifunge kwa waya kibaki wazi. Hatuna baridi inayokihitaji, hata asubuhi za mwezi wa saba.

Gia, breki, matairi

Powerglide, giaboksi ya otomatiki ya gari hili, ina gia mbili tu na ni ngumu kufa. Ugonjwa wake unaodanganya ni huu: moshi mweupe mzito unatoka nyuma, mafuta ya gia yanapungua, chini hakuna tone. Fundi anasema ringi zimekwisha. Kabla hujakubali, chomoa bomba dogo la vakyumu pale linapoingia kwenye kikopo kilicho ubavuni mwa gia. Likidondosha mafuta mekundu, kiwambo cha hicho kikopo kimepasuka na injini inanyonya mafuta ya gia. Unabadilisha kikopo kwa nusu saa, injini haiguswi. Turbo Hydra-Matic, otomatiki ya gia tatu, ni bora kwa safari ndefu. Ikiwepo, ilipie zaidi.

Breki ni ngoma za inchi 11 mbele na nyuma. Gari la 1965 na 1966 lina njia moja tu ya mafuta: bomba moja likipasuka, pedali inashuka mpaka chini na magurudumu yote manne hayana breki. Kwetu hili si la kujadili, weka pampu ya njia mbili ya 1967 kabla ya kulitembeza mjini. Ngoma hizi zinajirekebisha zenyewe unapokanyaga ukiwa unarudi nyuma, kwa hiyo dereva anayeegesha kwa kwenda mbele tu atakuta pedali inashuka mwezi kwa mwezi. Rudi nyuma na ukanyage kwa nguvu mara kumi kwenye uwanja mtupu.

Matairi ya inchi 14 yanasumbua. Saizi inayofaa ni 205/75R14, ambayo madukani ni adimu, ila 195R14C ya Hiace ina kipenyo karibu sawa, milimita 666 dhidi ya 663, na ipo kila kona. Inabeba uzito bila wasiwasi, inapunguza ulaini kidogo. Janti zina boliti tano kwenye duara la milimita 120.65. Za BMW ni 120, na kuna watu wanazilazimisha. Tofauti ya nusu milimita na ushee inatosha kuifanya nati ikae upande na kulegea yenyewe. Nati ni inchi 7/16 zenye nyuzi 20 kwa inchi. M12 itakula nyuzi za boliti siku ya kwanza.

Kuhusu esansi, tegemea lita 16 hadi 20 kwa kilomita 100 kwa 283 iliyopimwa vizuri. Anayekuambia 10 anauza gari.

Thamani

Ngazi ya thamani ni ileile huko Marekani na hapa: paa la kukunja juu, kisha SS halali, kisha kupe, kisha milango minne bila nguzo, na mwisho milango minne yenye nguzo, ambayo mara nyingi inauzwa nusu ya kupe au chini. Moja imeruka ngazi: ya 1967 yenye milango minne bila nguzo, iliyopandishwa na mfululizo wa televisheni uliopendwa sana. Kwa anayetaka gari la familia na harusi, hiyo ya mwisho yenye nguzo ndiyo ununuzi bora kabisa, kwa sababu mitambo ni ileile, bodi inakakamaa zaidi, na bibi harusi anashuka na gauni lake bila kupiga sarakasi.

Wamarekani wanapanga hali kwa namba, 1 ikiwa ya maonyesho, 2 bora, 3 inayotembea vizuri, 4 yenye kasoro unazoziona. Bei wanazotaja wauzaji wetu mara zote ni za 2, gari ni la 4. Anzia bei ya 3 na ukate. Tuseme gari la 3 ni dola 10,000 kwa hesabu. Injini iliyokufa, kata 1,500. Viti vilivyochanika, 600, maana mafundi wetu wa viti ni wazuri. Mapambo yaliyokosekana yote, kata 2,000. Kioo cha mbele, 1,000 pamoja na usafiri wake. Shasi iliyooza kwenye pinda ya nyuma, acha kukata na uage.

Anayeagiza kutoka nje asitume hata senti kabla deklaranti (wakala wa forodha) wake hajamwandikia jinsi DGDA, yaani forodha, na OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, watakavyolipokea gari la umri huu. Na kuhusu kontena: la futi 20 lina urefu wa ndani wa mita 5.9 na upana wa 2.35. Impala inaingia, ikibaki na nusu mita ya kamba, lakini ubavuni unabaki upenyo wa sentimita 15 kila upande na mlango haufunguki. Aliyeliingiza atatoka kwa dirisha. Kwa hiyo agiza vioo vya milango vishushwe kabla ya kufunga na ufunguo usiachwe kwenye swichi, kwa sababu mpakani Kasumbalesa watakapolifungua, mtu wa kwanza kulifikia gari atalazimika kupita palepale.